Nimelima Jumamosi kutwa nzima nikalala poa, leo Jumatatu siwezi kushuka ngazi. Haya maumivu yalikuwa wapi?

#1 Bustani_Yangu
Wakuu habari. Naomba mnisaidie mawazo.

Juzi Jumamosi niliamua kusafisha bustani ya nyuma ya nyumba, imekaa miaka mitatu haijaguswa. Kazi yangu mimi ni ya kukaa kwenye kiti naangalia kompyuta, jembe mara ya mwisho kulishika nilikuwa shule. Nimeanza saa moja asubuhi nimeacha saa kumi jioni, nimefyeka, nimepiga matuta manne, nimeng'oa kisiki kimoja kwa sururu ambacho peke yake kimenila masaa mawili, halafu mchana wote uliobaki nikawa nachuchumaa na kuinuka kung'oa magugu.

Sasa cha ajabu ni hiki, jioni ile nilikuwa poa kabisa, uchovu wa kawaida tu, nikaoga nikalala kama mtoto. Jumapili nikaamka mwili mzito, mapaja yanavuta vuta, nikasema yataisha. Leo ndio nimekoma. Ngazi nashuka kwa ubavu nimeshika ukuta kwa mikono miwili. Kukaa chooni lazima nijiachie tu nidondoke maana mapaja hayanishikilii katikati ya safari. Dawa ya meno nimeshindwa kuiminya, vidole vya mkono wa kulia havikunji mpaka mwisho.

Maswali yangu mawili. Kama kazi ndio imeniumiza, mbona maumivu hayakuja siku ile ile? Na bustani imebaki nusu, nirudi nimalizie au nikae mpaka yaishe?

#2 Kijana_wa_Jana
Pole sana mkuu. Nakaa hapa pembeni nasubiri wataalam, mimi hili limenikuta mwezi uliopita kwa kuchimba shimo tu la mti.

#3 Mchapakazi
Hiyo ni asidi ya laktiki mkuu, haina ubishi. Msuli ukifanya kazi kubwa hewa haiutoshi, unatengeneza asidi, inatuama humo humo na isipotolewa inaanza kuuma. Kocha wetu alikuwa anatuambia kila siku. Tafuta mtu akuchue vizuri na unywe maji mengi itoke.

#4 Kisiki_Kigumu
Mchapakazi kasema ila hajamaliza. Mleta uzi umesema ulioga. Uliogea maji gani? Ukitoka shambani mwili una moto ukajimwagia maji ya baridi, misuli inajikunja na inakaza hivyo hivyo. Mimi toka niache hiyo tabia sijawahi kuumwa tena.

#5 Bustani_Yangu
@Kisiki_Kigumu nilioga maji ya moto kiasi, ya baridi siyawezi hata siku ya joto.

#6 Tabibu_Viungo
Nichangie kidogo, kazi yangu ni tiba ya viungo na watu wa namna hii nawapokea kila kilimo kinapoanza.

Namba 3 naomba nikupinge kwa heshima. Laktiki inatengenezwa kweli, ila ukishaacha kazi damu inaisomba, ndani ya saa moja hivi imesharudi kiwango chake cha kawaida. Huyu aliacha saa kumi. Kufika saa kumi na mbili ya Jumamosi ile ile hakukuwa na asidi iliyobaki ya kumsubiri Jumatatu.

Kinachouma ni msuli wenyewe umeumia kwa ndani. Sio kule kuchanika kwa mchezaji anayedondoka uwanjani ameshika paja, hapana, ni vijeraha vidogo kwenye nyuzi za msuli ambavyo jicho halioni. Jeraha limetokea Jumamosi hiyo hiyo. Ila mwili unachukua muda kuleta seli za kusafisha na kukarabati, majimaji yanajaa, msuli unavimba, na neva za pale zinakuwa kali, kitu ambacho jana kilikuwa mguso wa kawaida leo unakisikia ni maumivu. Kwa kawaida yanaanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kazi, yanapanda mpaka siku ya pili au ya tatu, halafu yanashuka, wiki haiishi yamekwisha. Kwa hiyo Jumatatu yako iko kwenye ratiba kabisa, wala hujaharibika.

Na kuna jambo moja naomba mlishike. Msuli unaumia zaidi pale unapofanya kazi huku unarefuka kuliko pale unapofanya kazi huku unajikunja. Ukichuchumaa kufuata gugu, paja ndilo linakushusha taratibu, linafanya kazi ya breki, na breki hiyo ndiyo inakula msuli. Sasa hesabu mwenyewe umechuchumaa mara ngapi mchana ule. Ndio maana leo nina uhakika kupanda ngazi una afadhali, kushuka ndio mtihani.

#7 Bustani_Yangu
Aisee! Kupanda napanda vizuri kabisa, sikuwa nimelitaja hilo. Asante sana mkuu.

#8 Fundi_Toroli
Tabibu swali. Kwenye kuchuchumaa nimekuelewa. Ila jembe je? Jembe linashuka lenyewe kwa uzito wake, breki iko wapi hapo? Na mimi kinachoniuma nikilima ni mgongo na nyuma ya mapaja, sio mbele.

#9 Tabibu_Viungo
@Fundi_Toroli jembe linashuka lenyewe, wewe je? Kiwiliwili chako kinainama nalo kwa kasi, na ni misuli ya mgongo wa chini, makalio na nyuma ya mapaja inayokushikilia usiende kifudifudi. Kila pigo moja ni breki moja. Ndio maana unaumwa nyuma na mwenzako wa magugu anaumwa mbele.

#10 Mwl_Baiolojia
Uzi mzuri. Niongeze historia kidogo. Mtu aliyeandika mapema kwamba maumivu haya ya kuchelewa yanatokana na kuchanika ndani ya msuli ni Theodore Hough wa Marekani, mwaka 1922. Kwa hiyo hoja ya Tabibu ina miaka zaidi ya mia.

#11 Msomaji_Kimya
Mwalimu umechanganya miaka. Hough ni 1902. Ya 1922 ni Nobel ya Archibald Hill na Otto Meyerhof, na hiyo sasa ndio inayogusa asidi ya laktiki, walikuwa wanachunguza misuli ya chura. Nadhani imani ya asidi ilipata nguvu kwenye kazi za kipindi kile, mtu akaona asidi inaongezeka msuli ukichoka, basi na maumivu ya kesho yake nayo akaitwisha asidi.

Ila kuna utafiti wa 1983 uliopima jambo hilo moja kwa moja. Watu walikimbizwa kwenye mashine, mara sehemu tambarare mara mteremko. Waliokimbia tambarare asidi ilipanda na hawakuumwa siku zilizofuata. Wa mteremko asidi haikupanda kwa maana na ndio walioumwa. Mteremko ni breki, kama alivyosema Tabibu namba 6.

#12 Mwl_Baiolojia
Kweli kabisa, 1902. Nashukuru kwa kunirekebisha.

#13 Mchapakazi
Sawa, asidi naiachia. Lakini nijibuni hili, kama ni majeraha, mbona mtu akichuliwa anapata nafuu? Jeraha ukilikandamiza linazidi. Mimi nimechuliwa mara nyingi na nainuka mwepesi.

#14 Mwl_Baiolojia
Mchapakazi hapo umegusa pagumu. Hata hii hoja ya vijeraha haijafunga mjadala. Ukipima uharibifu wa msuli na ukamuuliza mtu anaumwa kiasi gani, mara nyingi haviendi pamoja, kuna wenye uharibifu mdogo wanaolia na kuna walioharibika sana hawasikii chochote. Ndio maana wapo wanaosema tatizo kubwa liko kwenye ule utando unaofunga msuli, una neva nyingi kuliko nyama yenyewe. Wengine wanasema ni kemikali ambazo msuli unazitoa zinazoiamsha neva, hata pale ambapo hakuna jeraha la kuonekana. Kuchuliwa pengine kunatuliza neva tu. Nafuu ipo, na tafiti zinaiona, ila sio kubwa na haifanyi msuli upone haraka.

#15 Bi_Mkubwa
Wanangu mmesahau maji. Amekaa juani masaa tisa, amekunywa nini? Hajasema. Mtu akitoka jasho siku nzima anapoteza maji na chumvi, usiku misuli inamkamata mguu unakuwa kama ubao. Nilimlea marehemu mume wangu na hayo, alikuwa analima kila siku ya Mungu mpaka anafikisha miaka 70 na kitu, haumwi msuli hata mmoja, ila siku akisahau kibuyu chake cha maji usiku hatulali.

#16 Tabibu_Viungo
Shikamoo mama. Hayo ni mawili tofauti. Kukamatwa na msuli usiku unakuwa mgumu dakika chache halafu unaachia ni jambo jingine, na hapo maji yanaweza kuwa na mchango. Haya ya mleta uzi ni ya siku nzima na yanauma ukiligusa paja au ukilitumia. Maji anywe, ni muhimu mno kwa sababu nyingine, ila hayatayaondoa.

Na hilo la marehemu mzee ni funzo kubwa. Aliyezoea haumwi kwa sababu msuli ukishapitia kazi ya aina fulani mara moja unajiandaa. Mara ya pili kazi ile ile inauma kidogo sana, na kinga hiyo inakaa wiki kadhaa, kwa baadhi ya watu miezi. Mtu wa kulima kila siku yuko ndani ya kinga hiyo mwaka mzima.

#17 Bi_Mkubwa
Marahaba mwanangu. Basi ndio maana alikuwa anatucheka sisi tuliokuwa tunaenda mara moja moja.

#18 Nesi_Mstaafu
Nimesoma zote kabla ya kuandika. Mleta uzi naomba unijibu maswali haya bila aibu: mkojo wako una rangi gani toka Jumapili? Mapaja yamevimba au yanauma tu? Na umeshakunywa dawa gani?

Nauliza kwa sababu nimeshamhudumia kijana aliyechimba mtaro siku nzima kwenye jua kali bila mazoea, naye akaambiwa na wenzake ni uchovu utaisha. Alikuja siku ya tatu miguu imejaa haikunjiki, mkojo umekuwa kahawia umekolea kama chai iliyochemshwa muda mrefu. Misuli ikiharibika kupita kiasi inamwaga vitu vyake kwenye damu na figo ndizo zinabeba mzigo wa kuvichuja, zinaweza kushindwa kazi. Alilazwa akawekewa maji ya mishipa siku kadhaa. Alipona, lakini nakumbuka uso wa mama yake pale mlangoni mpaka leo. Mkojo ukibadilika hivyo usikae nyumbani hata saa moja kusubiri asubuhi.

#19 Bustani_Yangu
@Nesi_Mstaafu shikamoo. Mkojo ni wa kawaida, njano ya kupauka. Kuvimba sioni, yanauma tu. Dawa nimemeza ibuprofeni mbili jana usiku na mbili leo asubuhi kabla sijatia kitu tumboni.

#20 Nesi_Mstaafu
Marahaba. Mkojo nimeshukuru. Hiyo ibuprofeni iache kuimeza tumbo tupu, inachubua tumbo, na mtu aliyekaukiwa maji inamzidishia figo kazi. Ukiona lazima, kunywa parasetamo kwa kipimo, mtu mzima mwenye afya hazidishi gramu 4 kwa saa 24, ukizidisha ini ndilo linaumia. Wenye vidonda vya tumbo, figo, presha, au mjamzito wasijinunulie tu, waulize kwanza.

#21 Fundi_Toroli
Mimi naumwa kila nikilima na sijawahi kumeza chochote, naacha yenyewe. Mleta uzi nikuulize, mpini wa jembe lako unakufikia wapi ukilisimamisha?

#22 Bustani_Yangu
Limekuja na nyumba, ni fupi, chini kidogo ya kiuno.

#23 Fundi_Toroli
Basi nusu ya maumivu ni hapo. Na wewe ni mrefu?

#24 Bustani_Yangu
Futi sita kasoro.

#25 Fundi_Toroli
Mkuu umelima siku nzima kichwa kiko magotini! Badilisha mpini, mti haugharimu kitu kama mgongo. Na ulinoe, jembe butu unalipiga mara tatu pale palipotosha mara moja. Udongo ukiwa mkavu umwagilie jioni, asubuhi unaingia kama mkate. Kisiki usiking'oe kwa sururu peke yake, chimba kukizunguka, kata mizizi mmoja mmoja, halafu ndio ukisukume kikulegee. Toroli nalo likijaa usiliinue kwa mgongo, piga magoti, shika, inuka na miguu.

#26 Kisiki_Kigumu
Jina langu linatajwa sana kwenye huu uzi.

Fundi nakubaliana na wewe kwenye mpini, ila mgongo usiuchukulie kuwa misuli tu. Mimi niliambiwa misuli, misuli, misuli, kumbe maumivu yalikuwa yanaanzia kiunoni yanapita kalio yanashuka mpaka kwenye kidole gumba cha mguu, na nikikohoa yanapiga kama umeme. Nilipoteza miezi minne nachuliwa. Ilikuwa diski, ile pedi laini kati ya pingili za mgongo, imesukuma neva. Kwa hiyo kila mtu asijipe jibu la uchovu.

#27 Tabibu_Viungo
Namba 26 asante kwa kuliweka wazi, na pole. Ya misuli mara nyingi yanauma pande zote mbili kwa eneo pana, hayatembei kwenye mguu mmoja kama waya. Maumivu ya kushuka chini ya goti na ganzi yanataka kuonwa. Mguu ukikosa nguvu, au mtu akipata ganzi sehemu anayokalia, au mkojo ukagoma kutoka ama ukamtoka bila kujua, hapo ni dharura, aende siku hiyo hiyo.

Jingine kuhusu mgongo, usikimbilie kuinama na jembe ukitoka tu kitandani. Usiku diski zinanyonya maji zinajaa, asubuhi ukiinama zinabanwa zaidi kuliko baadaye. Jipe hata saa moja ya kutembea tembea, fanya kazi za kusimama kwanza.

#28 Kijana_wa_Jana
Mbona sisi tuliambiwa ukinyoosha viungo kabla na baada ya kazi huumwi?

#29 Msomaji_Kimya
Cochrane, wale wanaokusanya na kupima tafiti za afya, walikusanya tafiti za kunyoosha viungo mwaka 2011. Tofauti waliyoiona siku inayofuata ilikuwa kama pointi moja kwenye kipimo cha 100. Yaani huwezi hata kuisikia.

#30 Mchapakazi
Mimi nitaendelea kunyoosha. Mwili wangu unanijibu.

#31 Msomaji_Kimya
Hakuna ubaya mkuu, endelea. Nimesema tu haizuii maumivu.

#32 Kijana_wa_Jana
Turudi kwa mleta uzi, swali lake la pili hajajibiwa. Arudi kulima au akae?

#33 Kisiki_Kigumu
Akae mpaka yaishe yote. Jeraha hulipi kazi.

#34 Mchapakazi
Arudi kesho! Maumivu yanatolewa na kazi ile ile, sisi tulikuwa tunaita kuvunja ukoko. Ukianza yanauma dakika kumi halafu unasahau.

#35 Tabibu_Viungo
Mchapakazi hapo uko nusu ya ukweli. Mwendo unapunguza maumivu wakati ule unapotembea, kwa hiyo asilale siku nzima, atembee, asukume toroli tupu mara mbili tatu, apige reki. Ila msuli kwa siku hizi una nguvu pungufu, akibeba sururu leo hataweza kujizuia vizuri na ndipo watu wanajikata miguu. Kazi nzito aiache mpaka ashuke ngazi bila ukuta.

#36 Kisiki_Kigumu
Nashikilia pale pale. Mimi nilirudi mapema na nikajuta.

#37 Bi_Mkubwa
Mwanangu Bustani, kanda mapaja kwa kitambaa cha maji ya moto usiku kabla ya kulala. Sikuambii inaponya, nakuambia utalala.

#38 Bustani_Yangu
Habari za leo Jumatano. Narudi kama nilivyoahidi kwa wale walionifuata kwa ujumbe. Jana ilikuwa mbaya kuliko Jumatatu, nilitishika kidogo nikaja kusoma tena namba 6 nikatulia. Nimefuata ya mama Bi_Mkubwa na kweli nimelala. Leo nimeshuka ngazi kwa miguu, bado polepole ila nimeangalia mbele. Vidole vinakunja. Nimetembea bustanini nimekusanya matawi tu.

Kuna kitu kimoja lakini kimebaki na hakifanani na vingine. Kiwiko cha kulia, upande wa nje, kifupa kile. Nikinyanyua kikombe kinachoma kama sindano, nikiweka mkono mezani hakiumi kabisa. Kiliuma toka Jumamosi ile ile wakati wa kisiki, hakikuchelewa.

#39 Fundi_Toroli
Hiyo ni sururu. Ulikuwa umeikaba sana, na ikigonga mzizi mtikisiko wote unaingia mkononi.

#40 Mchapakazi
Umelala vibaya, kachue.

#41 Tabibu_Viungo
Hapo usichue kwanza. Inafanana na kano, pale misuli ya kunyanyua kiganja inaposhikana na mfupa. Kano haina haraka kama msuli, haikubaliani na ratiba ya wiki moja niliyokupa. Ipumzishe kukaba vitu, nyanyua kwa kiganja kikiangalia juu, na ikifika wiki mbili tatu haijapungua kaonwe.

#42 Kijana_wa_Jana
Na mimi sasa nina swali. Natumia mkono wa kulia ila nikilima huwa naumwa upande wa kushoto tu wa mgongo. Hii nayo ni nini?

#43 Kisiki_Kigumu
Diski hiyo, usipoteze miezi minne kama mimi.

#44 Fundi_Toroli
Unajipinda. Mguu gani unatangulia mbele? Jaribu tuta moja mkono wa kulia juu, tuta jingine wa kushoto.

#45 Kijana_wa_Jana
Sijawahi kuangalia mguu gani unatangulia. Jumamosi nitaangalia nije niseme.